Wagonjwa wa Ngolela

Barua ya Wakili Mshana ilikuwa fupi mno, na ufupi huo ndio uliomnyima Tumpe Kasebele raha. Ilisema upande wa utetezi umelipokea andiko la Ngolela, umelisoma, na hauna pingamizi nalo. Basi. Mistari minne na muhuri.

Tumpe aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, wakili wa kesi za madai katika mji wa Mbeya, na kwa miaka kumi na sita alikuwa amekutana na Eliamani Mshana mahakamani mara zisizopungua thelathini. Hakuwahi kumwona akiachia kitu. Safari moja Mshana alimsimamisha shahidi nusu saa nzima, akimhoji kama iliyonyesha siku ya ajali ilikuwa mvua au manyunyu. Leo mtu yuleyule analetewa andiko linaloweza kumzamisha mteja wake, naye anasema hana neno.

Akakigeukia kioo cha kompyuta mezani, akaiuliza Mizani kwa mara ya tatu asubuhi ile. Mizani ikajibu vilevile: sabini na moja.

Kwa wakili mwingine namba hiyo ingekuwa sababu ya kuagiza soda. Tangu ile kashfa ya madaktari wa kukodiwa, waliokuwa wakipanda kizimbani na kuapa lolote walilotumwa, sheria ilikuwa imewafungia madaktari wote mlango wa mahakama. Hakuna aliyeruhusiwa tena kusema kwamba amempima fulani na kumwona ameumia. Kilichosikilizwa ni maandiko ya kitabibu peke yake, yaani tafiti zilizochapishwa katika majarida, na aliyeyasoma hakuwa jaji wala wakili. Aliyeyasoma ni Mizani, mtambo wenye nembo ya mahakama. Unaupa dalili za mtu wako na maandiko unayoyategemea, nao unayapima pamoja na mengine yote yaliyowahi kuchapishwa duniani, kisha unatoa namba kati ya sifuri na mia. Ikifika hamsini, kesi inasikilizwa. Isipofika, unafunga faili unarudi nyumbani.

Majeraha madogo ya ubongo hayakuwa yakifika hamsini. Mtu akigongwa kichwa, akazimia dakika moja, akapigwa picha ya ubongo ikaonekana safi, madaktari huliita jeraha lake dogo. Tafiti nyingi zilisema watu wa namna hiyo hupona ndani ya miezi mitatu, na ni kweli, wengi hupona. Lakini mahakama haina haja na wengi. Inauliza habari za mtu mmoja aliyesimama mbele yake, na huyo mmoja akiwa katika wale wachache wasiopona, basi kupona kwa wenzake kunamgeuza mwongo. Tumpe alikuwa amepoteza kesi tisa za namna hiyo, zote zikiwa na namba za thelathini na kitu.

Mpaka lilipotokea andiko la Ngolela. Zahanati moja ya milimani, mwendo wa saa tatu kutoka mjini, ilikuwa imewafuatilia watu mia nne na kumi na wawili waliogongwa vichwa, kwa miaka minne, mmoja baada ya mwingine. Mmoja kati ya kila sita hakupona. Andiko lilieleza kipimo rahisi cha kuwatambua: mgonjwa ananusishwa vichupa kumi na viwili huku akihesabu kurudi nyuma kutoka mia, na yule ambaye ubongo wake una jeraha hupotea njiani, ama kwa hesabu ama kwa harufu. Mizani ililipokea andiko hilo kama mtoto wa kwanza. Ndani ya miaka mitatu watu sitini na mmoja walikuwa wameshinda kesi zao kwa kulitegemea.

Mteja wa Tumpe angekuwa wa sitini na mbili. Kwa nini basi Mshana anyamaze?

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya, naye hakulikwepa. Ikiwa Mshana halipingi andiko, basi anampinga mtu. Huenda ana picha. Kampuni kubwa zilikuwa na desturi ya kuwafuata walalamikaji kwa miezi, na Tumpe mwenyewe aliwahi kuona mteja wake, aliyedai hawezi kuinua mkono, akionyeshwa mahakamani akipiga ngoma harusini. Akachukua mkoba wake, akaenda Uyole kumwona Asagwile Mwaipopo bila kumpa taarifa.

Asagwile alikuwa mwonja chai. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya safu ya vikombe, kuvuta funda moja kwa kishindo, kulizungusha mdomoni, kulitema, na kusema jani hili limetoka mteremko gani na lilichumwa kabla ya mvua au baada yake. Wanunuzi walilipokea neno lake bila kuuliza. Mwaka mmoja na nusu uliopita, mwezi wa Septemba 2070, alikuwa akipita chini ya waya za kampuni ya Waya za Nyanda, zile zinazobeba majani kutoka mashambani bila dereva wala kuli, kapu tupu likachomoka kwenye ndoano yake na kumpiga juu ya sikio. Alizimia kwa muda usiofika dakika. Picha ya ubongo ilikuwa safi. Baada ya wiki mbili alirudi kazini, akavuta funda la kwanza, na kikombe kilikuwa na maji ya moto tu. Cha pili vilevile. Vyote arobaini.

Tumpe alimkuta amekaa barazani, mapazia yameshushwa kuzuia mwanga. Mkewe, Subilaga, aliteleka maziwa kwenye jiko la mkaa hatua mbili kutoka kiti cha mumewe, akaenda kwa jirani kufuata majani ya chai. Tumpe akamwomba Asagwile amweleze upya anavyojisikia, naye akatoa kidaftari mfukoni akaanza kusoma: kichwa kuuma akiona mwanga, maneno kumpotea, hasira za ghafla, usingizi usiotosha, harufu kutoweka. Tumpe aliutambua mpangilio ule. Ulikuwa ndio mpangilio wa jedwali la pili la andiko la Ngolela, neno kwa neno. Na mwandiko ulikuwa umenyooka, wa kike, wala haukuwa wa mtu aliyetia saini ya kutetemeka ofisini kwake.

Alimuuliza nani ameandika. Asagwile akasema ni mke wake, kwa kuwa yeye husahau. Alimuuliza mke wake aliupata wapi mpangilio huo. Akasema hajui, labda kwenye ile fomu waliyopewa na muuguzi wa kampuni siku ya kwanza, ila mwenyewe akirudi aulizwe.

Wakati huo maziwa yalikuwa yamefurika. Tumpe alisikia harufu ya kuungua ikipanda, kali, ya kukereketa, na akafungua mdomo ili aseme. Akaufunga. Akamtazama Asagwile. Mzee yule aliendelea kusimulia habari za mwanawe wa kwanza, aliyehitimu ualimu, sufuria ikiungua hatua mbili tu kutoka kwake, na uso wake haukubadilika hata kidogo, mpaka moshi ulipomfikia machoni. Hapo ndipo alipogeuka. Aliiepua sufuria kwa mikono mitupu, akaiweka chini. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa.

Subilaga aliporudi, alithibitisha habari ya fomu, akaenda ndani akaileta. Ilikuwa kweli, ya kampuni, na dalili zilikuwa zimepangwa vilevile. Walioitengeneza walikuwa wamenakili andiko. Tumpe aliaga haraka. Garini alikaa kitambo bila kuliwasha, akiona haya. Mtu alikuwa ameungua vidole kwa sababu wakili wake alitaka kuhakikisha.

Lakini kama mtu ni mkweli, basi swali lilikuwa limehama. Tumpe akarudi ofisini akalifungua andiko lenyewe, si muhtasari wa Mizani bali andiko lote na viambatisho vyake, kurasa mia moja na arobaini ambazo aliamini hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuzisoma. Nani angezisoma? Ndiyo kazi ya mtambo. Alizipitia siku mbili. Hesabu zilikuwa safi. Wagonjwa walikuja, walipimwa, waliandikwa tarehe, walirudi baada ya miezi sita, wakaandikwa tena.

Siku ya pili, mchana, kidole chake kilisimama kwenye Machi 2064. Kati ya tarehe tisa na ishirini, wagonjwa kumi na tisa walipimwa katika zahanati ya Ngolela.

Aliitazama safu ile mpaka ikaanza kucheza machoni. Mama yake Tumpe alizaliwa kijiji cha pili kutoka Ngolela, na alizikwa huko tarehe kumi na nne Machi 2064. Tarehe saba mlima ulikuwa umeporomoka na kuifuta barabara. Jeneza lilipandishwa kwa mabega, watu wanane wakipokezana, matope yakiwafika mapajani, na walipofika Ngolela waliomba kulilaza zahanatini wapumzike, wakaambiwa hakuna nafasi hata ya kusimama. Vyumba vyote viwili vilikuwa vimejaa familia zilizopoteza nyumba. Muuguzi alikuwa akipika uji kwenye sinki la kunawia. Hali hiyo ilidumu siku ishirini na mbili.

Mizani ilikuwa imesoma maandiko milioni sitini. Habari ya barabara ya Ngolela haikuwa katika andiko lolote.

*

Daktari Tusekile Kajigili, aliyeliandika andiko la Ngolela, alikuwa akiosha vichupa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye nywele zilizonyolewa karibu na ngozi, na zahanati ilikuwa na vyumba vilevile viwili ambavyo Tumpe alivikumbuka. Kwenye meza ya mbao vichupa vilivyokwisha kuoshwa vilipangwa vikiwa na vijikaratasi: karafuu, mafuta ya taa, sabuni, kahawa, samaki wa kukaushwa. Tumpe alijitambulisha, akasema anatoka Mbeya, akataja kesi. Kisha akataja mwezi na mwaka.

Daktari aliendelea kuosha kichupa alichokuwa nacho mpaka akakimaliza. Akakikausha kwa khanga.

"Nilijua iko siku mtu atakuja kuniuliza habari za Machi," alisema. "Nilidhani angekuja mwaka wa kwanza."

"Ni wangapi walio wa kweli, mama?"

"Thelathini na saba."

Akamweleza yote, bila kuzungukazunguka. Aliwapima watu thelathini na saba kwa miaka tisa, akaandika alichokiona, akakipeleka. Kilichapishwa katika jarida dogo, na Mizani ikakipa uzito wa sifuri, kwa kuwa kanuni zake haziuhesabu utafiti wa watu wasiofika mia nne. Wilaya nzima isingempatia watu mia nne kabla hajafa. Katika chuo alichowahi kufundisha kulikuwa na programu ya kuwafunzia wanafunzi, inayozaa wagonjwa wa kubuni: unaipa wachache walio hai, nayo inakutengenezea wengine wanaofanana nao, wenye umri, uzito, tarehe za kuzaliwa na siku za kliniki. Aliipa wale thelathini na saba, ikamzalia waliobaki mpaka wakatimia mia nne na kumi na wawili. Tarehe ilizipanga yenyewe, na yeye hakukumbuka kuzihakiki mwezi ule.

"Nilichokiona ni kweli," alisema. "Niliongeza vinywa, sikuongeza maneno."

Tumpe alitamani kuikubali kauli ile. Ilikuwa nzuri, tena ilitoka kwa mtu ambaye hakufaidika kwa lolote. Lakini kazi yake ilikuwa imemfundisha kuishuku kauli kwa kadiri ya uzuri wake.

"Mmoja kati ya sita," alisema. "Kwa watu thelathini na saba, hao ni sita tu."

"Sita. Nawajua kwa majina."

"Na kama wangekuja wengine thelathini na saba, mama, si pengine wangekuwa wawili? Au kumi?"

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni, na walilisikia shoka mara nne, mara tano.

"Pengine," daktari alisema hatimaye. "Ndiyo maana wanataka mia nne. Sisemi kanuni ni ya kijinga. Nasema wale sita walikuwa wakiitwa waongo, na mimi nilikuwa nimewapima."

Kisha akamwambia Tumpe jambo ambalo hakuulizwa. Tumpe hakuwa wa kwanza kufika. Mwezi wa Februari alikuja mwanamume mrefu, mtaratibu, mwenye miwani isiyo na fremu, akaomba kukiona kitabu cha mahudhurio cha mwaka 2064. Alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akashukuru, akaondoka. Tangu hapo hajasikika.

Kwa maelezo hayo Tumpe alimtambua Mshana, akaomba kiti akaketi. Sasa ile mistari minne ya barua ilikuwa imefunguka yote. Kanuni za Mizani zilisema hivi: andiko la uongo likiondolewa na aliyelileta kabla ya kuliapia, linaondoka peke yake. Likifichuliwa baada ya kiapo, linaondoka na ukoo wake, yaani kila andiko lililolitaja na kila lililokaa karibu nalo, kwa kuwa mtambo hufundishwa kulishuku kundi zima. Mshana alikuwa akingoja Tumpe ainue mkono na kuapa. Baada ya hapo angetoa picha zake, na kwa miaka ishirini ijayo hakuna mtu mwenye jeraha dogo la ubongo ambaye angevuka hata kumi. Kesi ya Asagwile ilikuwa chambo tu.

Alimweleza daktari hayo. Daktari akasikiliza, akatikisa kichwa kidogo.

"Sikuombi uninyamazie," alisema. "Nimezeeka, wanifunge. Nakuomba uwafikirie wale sitini na mmoja. Wakiitwa tena, wengi wao hawataweza hata kueleza walikotoka. Ugonjwa wenyewe ndio huo."

Njiani kurudi Tumpe aliihesabu mitego yake. Akiapa, ameingia wa Mshana. Akiliondoa andiko kimyakimya kwa kisingizio chochote, namba ya Asagwile itashuka hadi thelathini na kitu, wale sitini na mmoja watalala salama, na mtego utabaki wazi ukimngoja wakili mwingine asiyejua habari za barabara. Akisema ukweli, hukumu za watu sitini na mmoja zitafunguliwa upya, naye atakuwa amewafukua kwa mkono wake mwenyewe. Alijaribu kukumbuka kama kulikuwa na njia ya nne, na kila aliyoiona ilikuwa moja kati ya zile tatu imevaa nguo nyingine.

*

Hakuwa na haki ya kuamua peke yake. Kesi ilikuwa ya Asagwile. Akarudi Uyole akawaeleza mume na mke, taratibu, akirudia kila alipoona macho ya Asagwile yakipotea.

Subilaga ndiye aliyejibu kwanza, na alijibu kwa sauti ya chini iliyomtisha Tumpe kuliko kelele. Alisema mume wake ameumia, na hilo si la kubuni. Alisema amelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na anamjua alivyokuwa na alivyo. Kama njia iliyobaki ya kulionyesha hilo ni karatasi yenye doa, basi na iende na doa lake.

"Wao walikuja na ndoano iliyooza," alisema. "Sisi ndio tunatakiwa tuje tumenawa mikono?"

Tumpe alieleza kuhusu kiapo, kuhusu Mshana, na Subilaga akasema basi liondolewe kimya, wengine wajitetee wenyewe. Hata hilo Tumpe hakuweza kulilaani.

Asagwile alikuwa amefumba macho muda wote huo. Alipoyafungua aliuliza swali moja.

"Hao wagonjwa wa kubuni. Nao wanaumwa kichwa?"

"Ndiyo, mzee. Kwenye andiko wanaumwa."

"Na harufu?"

"Na harufu pia."

Alitafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine. "Kampuni inasema mimi ni mwongo," alisema. "Kila siku naamka najua wanakosea. Ndicho kitu pekee ninachokijua mpaka usiku. Nikisimama juu ya hao watu wasiokuwepo, hata kwa kunyamaza, watakuwa wamesema kweli. Hapo nitabaki na nini?"

Subilaga aliinuka akaingia ndani. Walimsikia akivuta maji, akimimina, akivuta tena. Hakurudi, na Tumpe hakungoja arudi.

*

Siku ya kesi msajili alimwomba Wakili Kasebele ainue mkono wa kulia ili aapie maandiko yake. Mshana alikuwa ameketi na bahasha nyembamba mbele yake, vidole vyake juu ya bahasha, kama mtu anayengoja zamu yake ya kula.

Tumpe hakuinua mkono. Alimwambia Jaji Mariki kwamba analiondoa andiko la Ngolela, kisha akaeleza kwa nini. Alitaja tarehe, barabara, jeneza, vyumba viwili, na mgeni aliyekipiga picha kitabu cha mahudhurio. Alikabidhi maelezo ya Daktari Kajigili, yaliyotiwa saini na daktari mwenyewe, aliyekuwa amekuja asubuhi ile na kuketi benchi la nyuma na begi dogo la nguo. Idadi ya waliokwisha kushinda ilimbidi Tumpe aitaje mara mbili.

Jaji alikuwa mwanamke mtulivu, asiyependa kupandisha sauti. Alimgeukia Mshana, akamuuliza ni lini alijua.

Mshana akasimama. "Mheshimiwa Jaji, wajibu wa kulihakiki andiko ni wa anayelileta."

"Sijauliza wajibu ni wa nani. Nimeuliza lini."

Mshana aliitazama bahasha yake. "Februari," alisema.

Jaji aliandika kitu kwa kalamu, kwa mkono wake, jambo ambalo lilikuwa nadra. Kisha akaiagiza Mizani ipime upya. Thelathini na sita. Alisema sheria haimpi nafasi ya kwenda mbele, na kwamba angetamani iwe vingine, na kwamba matamanio yake si sheria. Kilichobaki ni haki ya mlalamikaji kusema neno kabla faili halijafungwa. Neno hilo haliwi ushahidi, na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia kulisema.

Asagwile alipanda kizimbani. Mwanga wa dirishani ulimpiga usoni, akajikinga kwa kiganja.

"Mimi," alisema, "nilikuwa..."

Neno halikuja. Alifungua mdomo akaufunga. Kila mtu mle ndani alilijua neno lile, liliandikwa kwenye jalada la kesi, na Subilaga, aliyekuwa amekuja baada ya siku nne za kutosema na mumewe, aliuziba mdomo wake kwa mikono miwili ili asilitamke. Karani wa mbele aliinamisha kichwa. Mashine ya kumbukumbu, ambayo huandika kila kinachosemwa mahakamani, ilisubiri, kisha ikaandika: kimya. Baada ya muda ikaandika tena: kimya. Jasho lilikuwa likimtiririka Asagwile shingoni. Mshana alikuwa akitazama meza.

"Chai," Asagwile alisema mwishowe. "Nilikuwa nikiijua chai."

Akashuka.

*

Hakuna aliyemshukuru Tumpe. Daktari Kajigili alifunguliwa mashtaka, na alikiri siku ya kwanza. Mshana alinyang'anywa leseni kwa miaka miwili, na kampuni ikapata wakili mwingine. Jaji Mariki aliandika kurasa sita kwenda mahakama ya juu akiomba kanuni ya mia nne itazamwe upya, na mahakama ya juu ikajibu kwamba imezipokea. Maandiko mengine ya majeraha madogo yalibaki na uzito wake mdogo uleule, lakini yalibaki. Asagwile na mkewe walihamia shambani kwao, wakalima viazi. Asagwile alisalimiana na Tumpe kwa simu mara moja, na Subilaga hakuja kwenye simu.

Kisha hati za wito zikaanza kutoka, sitini na moja kwa jumla, tano au sita kila wiki.

Mwezi wa pili wa hati hizo, asubuhi moja, mwanamke mwenye kofia pana aliingia ofisini kwa Tumpe bila miadi. Alisema anaitwa Bupe Sanga, alikuwa fundi wa saa, na aliwahi kuangukiwa na kreti kwenye bohari. Alishinda kesi yake miaka miwili iliyopita kwa andiko la Ngolela. Akaitoa hati yake, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Ni wewe uliyesema?" aliuliza.

"Ni mimi."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu. Tumpe aliuacha uso wake utazamwe.

"Nilitaka nikuone kwanza," Bupe alisema. "Mawakili wengine wawili wameniambia hawagusi kitu hiki. Wewe unakijua kuliko wao."

Hakuvua kofia. Huenda mwanga ulikuwa ukimuumiza. Huenda alikuwa amesoma mahali kwamba mwanga huwaumiza watu wa namna yake. Huenda alitumwa. Tumpe alijiuliza hayo yote kwa pumzi moja, akaona haya kujiuliza, kisha akajua kwamba itambidi ajiulize kila mara, kwa kila mmoja wao, na kwamba hakuna mtambo utakaomfanyia kazi hiyo.

Akainuka, akashusha pazia. Akavuta kiti chake akakileta upande wa pili wa meza, karibu na mgeni.

"Usinitajie dalili," alisema. "Tuanze na siku yenyewe. Uliamka saa ngapi?"

Bupe alifikiri. Akafikiri tena. Tumpe alikuwa na kalamu mkononi, naye akangoja.